Kuuza mtandaoni: mnunuzi hana pua wala mkono

Assalaam alaykum. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma chini ya feni, hamjambo? Nimeambiwa nizungumze hapa Pemba namna ya kuuza vitu na kazi zetu mtandaoni, nikapewa nusu saa, lakini mnanijua mie nikianza, bas mwenye gari ya Wete akiona saa inakwenda atoke tu pole pole, sitomkasirikia.

Kwanza tutoe woga. Watu wakisikia biashara ya mtandaoni wanafikiria tovuti, kompyuta, ofisi ya vioo. Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni barani Afrika, walikuwa na tovuti, wana matangazo, mpaka hisa zao zikaingia soko la New York mwezi wa Aprili 2019, na Novemba mwaka huohuo wakafunga shughuli zao Tanzania wakaondoka. Na wakati wanafunga, mama anaeuza ubuyu Unguja kwa status ya WhatsApp alikuwa anauza, na leo anauza, ndoo zinapanda boti zinakwenda Dar. Sisemi wale hawakuijua kazi, la. Nasema soko letu sisi liko kwenye simu, mtu kwa mtu, jina kwa jina, na simu mnazo, nyengine naona zinachezewa saa hii mie nikiwa nasema.

Sasa sikilizeni, mana hili ndo lilonileta. Mtu akenda soko la Darajani, Unguja, kununua viungo anafanya nini? Anashika. Ananusa iliki, anavunja kijiti cha mdalasini, anakutizama usoni, anauliza bei, anatajiwa, anajifanya anaondoka hatua mbili tatu akisubiri umwite. Ndo kununua kwenyewe huko! Mnunuzi wa kwenye simu hana hayo yote. Hana pua, hana mkono, hawezi kuonja, ana macho tu, na macho yenyewe yanatizama kioo kilopasuka pembe. Kwa hivyo kazi yako muuzaji, ukitoa makeke yote, ni kumpa vile alivyokosa, umuandikie kila ambacho angelishika na kila ambacho angeliuliza, kabla hajauliza. Akishauliza mara mbili hujajibu, yuko kwa mwengine.

Nna mfano hapa, na mwenyewe yumo humu ndani, sitomtaja, naona anaanza kucheka. Kaposti achari. Picha kaipiga usiku, taa ya tyubu, kopo liko juu ya kitanda kwenye shuka la mauwa mekundu, na kaandika: "Achari tamuuu jamani msikose bei njoo inboksi." Haya. Achari ya nini, ya embe, ya ndimu, ya bilimbi? Kopo kubwa kiasi gani, mana pichani laweza kuwa kikombe laweza kuwa ndoo? Kali au haina pilipili? Imetengenezwa lini? Na wewe uko wapi, Chake, Konde, au Dar umehamia? Mtu wa Mbagala kaiona, mate yamemtoka, lakini hana pa kushika.

Sasa tukae pamoja tuiandike upya, hivi: "Achari ya embe, pilipili ya kiasi. Kopo la gramu 500. Nimeitia koponi Jumatatu hii. Sh 6,000. Niko Chake Chake, Machomane. Wete na Mkoani naleta kwa gari, Unguja na Dar inapanda boti, nauli ya mzigo juu ya mnunuzi. Malipo kwa lipa namba, jina litakalotokea ni la kwangu mwenyewe." Bas. Lipa namba ni ile namba ya biashara ya kulipwa kwa simu. Haina utamuuu wa u tatu, lakini mtu akimaliza kusoma hana suali lilobaki ila "naomba mawili".

Hili la bei inboksi mie lanikera, wacha niseme. Nawauliza wenye kuficha bei kwa nini, wananiambia ati washindani wataiona. Ami yangu, mshindani wako keshamtuma shemegi yake akuulize bei toka juzi, keshaijua! Anaefichwa ni yule mnunuzi wa kweli, ambae ana pesa yake, ana haya ya kuuliza asije akaonekana hana uwezo, anapita. Weka bei. Kitu cha kushona kwa kipimo, ambacho bei inategemea kitambaa, weka pa kuanzia, "kuanzia 45,000", mtu ajue anaingia nyumba gani.

Na picha. Hamhitaji kamera. Asubuhi karibu na mlango au dirisha, jua lisipige moja kwa moja, tandika kitambaa cheupe au mkeka usio na makuu, na kabla ya yote futa kile kijicho cha kamera, mana simu zetu zinakaa jikoni zina mafuta, ndo mana picha zinatoka kama kuna ukungu. Piga ya kwanza kitu kizima, ya pili weka mkono wako au kijiko pembeni watu waone ukubwa, ya tatu isogelee, kama ni kofia ya mkono vionekane vile vitobo na uzi ulivyopita ndani na nje, mana alokuwa anajua kofia anatizama ndani. Na kofia andika mzunguko kwa sentimita, usiandike "saizi ya kawaida", vichwa vya kawaida sijawahi kuviona.

Kasoro nazo zionyeshe. Kuna kisa cha mwanzo wa biashara hizi huko Marekani, mwaka 1995, Pierre Omidyar ndo kaianzisha ile ilokuja kuwa eBay, soko la mnada la mtandaoni, na kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kile kitochi cha kuonyeshea kwenye ubao, cha leza, kibovu, na akaandika kuwa ni kibovu. Kikanunuliwa dola 14.83. Inasemekana akamuuliza mnunuzi, umefahamu lakini kuwa hichi hakifanyi kazi? Akajibiwa, nafahamu, mie ninakusanya vibovu. Sasa wewe una baibui lina doa dogo kwenye mkono, lipige picha lile doa, andika, punguza bei. Yupo wa kulitaka. Lakini ukilificha, likafika Tanga likafunguliwa, huyo mtu hakurudishii baibui tu, anaandika kwenye kundi lenye watu mia sita, na humo nusu yao ni jamaa zako.

Turudi kwenye pesa, mana hapa ndo wengi tunafanya kazi ya sadaka bila kunuia. Tuchukue vileja, tuseme mtu anatoa makopo kumi. Unga wa mchele, samli, sukari, iliki, tuseme 22,000. Gesi na mkaa 3,000. Makopo matupu kumi, 800 kila moja, 8,000. Jumla 33,000, kila kopo 3,300. Anauza 5,000, anafurahi, napata 1,700 juu ya kila kopo. Ngoja kwanza. Boksi na gundi ya kufungia 2,000, bando la wiki 2,000, gari ya kushusha mzigo bandarini 4,000, makato ya kutolea pesa tuseme 2,000. Hiyo 10,000, gawa kwa makopo kumi, elfu moja kila kopo. Imebaki 700. Makopo kumi 7,000, na umekanda na kuchoma kutwa nzima umeinama mgongo unauma. Halafu anakuja mtu, dada nipunguzie nachukua mawili kwa 8,000, na wewe una moyo mzuri unampa. Hapo kopo limekugharimu 4,300 umeuza 4,000. Yani umemlipa shilingi 300 juu ya kila kopo akubali kula vileja vyako!

Kwa hivyo daftari. La skuli hili hili, la mistari. Kila kitu kilotoka kiandikwe mpaka ile gundi, ndo utaje bei. Na mtu wa mbali akikulipa, mwambie mapema, atume na ya kutolea, au umpe lipa namba. Mie napenda lipa namba, mana namba yangu ya nyumbani haizagai, na mnunuzi anaona jina kabla hajathibitisha. Lakini hapo kwenye jina pana jambo. Ukurasa wako unaitwa Asumini Stoo, mtu anataka kulipa linatokea jina la mwanamme hata hajawahi kulisikia, anasita, na ana haki, kesharushwa huyo kabla yako. Jisajili kwa jina la biashara, ikishindikana mwambie mapema jina litakalotokea ni la mume wangu, au la mwanangu, fulani. Kitu kidogo lakini nimeona mauzo yamekatikia hapo hapo.

Wanunuzi wanatuogopa sisi na sisi tuwaogope wao. Skrinshoti si pesa. Ujumbe wa maandishi si pesa. Wapo wanaotunga ujumbe umefanana na wa kampuni kila kitu, jina lako, kiasi, mpaka salio, ila umetoka namba ya mtu wa kawaida. Mzigo hautoki mpaka ufungue menyu yako mwenyewe uangalie salio. Na yule anaekupigia ana haraka, ati nimekutumia 50,000 badala ya 5,000 nakuomba unirudishie, bodaboda yupo ananisubiri, usiguse kitu, angalia salio kwanza, kama ni kweli mwambie apigie kampuni ya simu wairudishe wao. Ujumbe wa kitapeli ukiupata uutume kwenda 15040, na piga *106# ujue laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta una laini hujawahi kuishika.

Tena hapo hapo kwenye laini. Akaunti yako ya WhatsApp inakaa juu ya namba, sio juu ya simu. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la kijana wa duka alokuuzia, siku ikipotea duka lako lote limekwenda, wateja, picha, mazungumzo. Isajili kwa kitambulisho chako. Ingia kwenye mipangilio uweke ile hatua ya pili ya kuthibitisha, PIN ya tarakimu sita, na ile namba ya siri ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe usimpe mtu yoyote, hata akiwa anakwambia ni mama mdogo, mama mdogo hana haja ya namba hiyo. Wizi wa akaunti mara nyingi huja hivo hivo, kwa sauti ya mtu unaemjua ambae akaunti yake ilishaibiwa jana.

Kuna kitu wengi hawakijui kuhusu status na orodha za matangazo, zile za kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa pamoja. Status yako anaiona yule tu alosevu namba yako na wewe umesevu yake, na inakaa saa 24 inafutika. Orodha ya matangazo vile vile, unatia watu mpaka 256 kwenye orodha moja, lakini asokuwa amekusevu haumfikii, na wewe huambiwi. Ndo mana mtu anakwambia natuma kila siku hawajibu. Hawajapata! Kwa hivyo kila anaenunua, siku unampa mzigo, mwambie nisevu uone vitu vipya, na ukiweza muandikie jina na namba kwenye kikaratasi ndani ya boksi. WhatsApp Business ni bure, ina katalogi, unaweka bidhaa na bei mara moja, mtu akiuliza una nini unamtumia, hupigi tena picha kila akija mtu. Na Instagram? Nzuri kwa watu usiowajua, wa Dar na wa nje. Lakini kununua wafuasi ni kutupa pesa, elfu kumi wasojua Pemba iko wapi hawanunui achari. Anza na mia wanaokujua.

Usafirishaji sasa. Nyinyi mnajua bahari kuliko mie. Boti za Pemba si kama za Unguja na Dar zinazopishana mchana kutwa, na kusi likivuma mambo yanachelewa, kwa hivyo usiahidi "kesho" kwa mtu wa Dar, mwambie siku ya boti na ongeza moja. Kitu cha majimaji kama achari au mafuta ya nazi, chini ya kifuniko weka kipande cha nailoni, kaza, halafu lipindue kopo juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti lina doa, kopo hilo halisafiri. Boksi liandikwe jina na simu ya mpokeaji pande mbili, kwa kalamu isofutika na maji, mana mizigo inarushwa na kugeuzwa. Ukishakabidhi piga picha ya boksi na risiti ya mzigo umtumie mteja hapo hapo, hata hajauliza. Picha ile inamtuliza moyo kuliko maneno yote ya "inshaallah utafika".

Wenye kuuza kazi na sio vitu, wapaka hina, mafundi, wapishi wa shughuli, wapiga picha, walimu wa tuisheni, nyinyi mnauza muda, na muda ukipotea hauwekwi kabatini. Kwa hivyo arbuni. Nusu mbele, tarehe inaandikwa, na unasema toka mwanzo akivunja ndani ya siku ngapi arbuni hairudi. Wazee wetu walitoa arbuni kwa fundi wa mlango, hakuna alokasirika, ni leo tu tunaona haya. Na picha za kazi, jamani, bi harusi hapostiwi uso bila ridhaa yake na ya kwao. Wewe mpaka hina, piga mikono tu, kazi yako iko mkononi sio usoni, na hata mikono uliza kwanza, mana pete zinajulikana. Nimeona ndugu wamegombana kwa picha ya mkono.

Majira mnayajua, Ramadhani na Idi. Nguo za Idi zinatakiwa ziwe zimeshapostiwa Shaaban, ukianza kumi la mwisho utakesha na utakosana na watu. Usiku baada ya tarawehe ndo watu wana simu mikononi, posti wakati huo, sio saa nne asubuhi watu wako makazini wanajificha.

Naona mkono. Bibie anauliza, lazma nijisajili? Kuanza kuuza vileja kwa majirani hakuna atakaekuja kukukamata, lakini ukishaanza kutia lebo na kupeleka nje ya kisiwa, jina la biashara linasajiliwa BPRA, chakula na vipodozi viko chini ya ZFDA, viwango ni ZBS, na kodi ni ZRA, zote hizo ofisi za Serikali ya Zanzibar. Nendeni muulize, wana watu wa kuwaeleza, na mkenda kikundi mnasikilizwa vizuri zaidi kuliko mmoja mmoja. Sabuni ya mwani yenye alama ya kiwango inaingia kwenye duka la hoteli, isokuwa nayo inabaki kwenye meza ya maonyesho. Na karafuu, mtanisamehe, nyote mnajua mnunuzi wa karafuu ya mkulima ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, peke yake. Akikuandikia mtu wa nje anataka gunia kumi za karafuu, usiposti, watakaokuja kukuuliza bei siku hiyo si wateja.

Mwengine? Mzee wangu pale. Anauliza akija mteja mkorofi, anakutukana kwenye komenti mbele za watu. Jibu mara moja tu, kwa adabu, pale pale hadharani: "Pole sana, nimekuandikia inboksi tulimalize." Halafu limalize kweli. Kama kosa ni lako mrudishie pesa yake siku hiyo hiyo. Kama si lako, wale wengine wanaosoma washaona nani ana adabu. Usifute komenti, wakiona imefutwa wanajua kuna kitu, na usibishane saa nane za usiku.

Haya, meza ile ya dirishani yuko kijana wangu, anawafungulia katalogi mmoja mmoja na kuwawekea ile PIN. Kila mtu aje na kitu kimoja anachouza, kitandikwe pale kwenye kitambaa cheupe, dirisha lina mwanga mzuri mpaka alasiri. Mwenye simu isokuwa na chaji aichomeke sasa, soketi ziko mbili tu. Na dada wa achari, wewe uwe wa kwanza.